Kiwengwa kwa Magurudumu Mazito, Mjini kwa Mepesi

Safari hii ilikuwa na sababu moja tu: kumtoa mama mkwe wangu Kiwengwa na kumfikisha mjini akiwa mzima, ili apande ndege kwenda Makka. Bi Kazija alikuwa akilima mwani pwani ya Kiwengwa, mashariki ya kisiwa chetu, tangu kilimo hicho kilipoingia, na msimu baada ya msimu akaweka akiba yake ya Hija. Katikati ya miaka ya tisini nia ikatimia. Kaka yake, ambaye angefuatana naye, alikuwa tayari mjini akimsubiri. Kilichobaki ni njia ya kutoka Kiwengwa mpaka mjini, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa kuliko safari yote ya kuvuka bahari.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Miaka ya nyuma, akirudi harusini, lori alilopanda lilitumbukia shimoni. Alirushwa juu, akaangukia mgongo kwenye ukingo wa ubao wa kukalia. Alitibiwa, akapata nafuu. Alitembea, aliinama, alifunga mwani wake kambani kama wenzake, lakini kila alipopanda gari, mtikisiko wa barabara ile ya mawe ulimrudishia maumivu palepale. Mwishowe akaacha kusafiri kabisa. Harusi za wajukuu zikapita hakuziona. Watoto walizaliwa mjini, akaja kuoneshwa wakiwa wanatembea wenyewe.

Mume wangu, Suleiman, ni mwanawe wa pekee wa kiume. Mimi humwita Baba Warda, kwa jina la binti yetu. Ni fundi cherahani mwenye duka lake Ng'ambo, na wakati ule tulikuwa na kijipu, kigari kidogo cha Kijapani kilichokwisha kutumika, ambacho alikipenda sana. Wiki ile ya safari alimpata mtu aliyeleta magurudumu manne kutoka Dubai: rimu pana za chuma, zimevikwa mipira minene yenye meno makubwa. Akayachukua kwa kubadilishana na manne ya asili ya gari letu. La akiba halikuguswa, likabaki lilelile dogo, limening'inia mlango wa nyuma.

"Gurudumu kubwa litapita juu ya mashimo," aliniambia, akiyafuta vumbi kwa kitambaa. "Mama hatasikia kitu."

Mimi nasomesha fizikia skuli ya sekondari. Sikuwa na hakika na hesabu yake, lakini niliuona uso wake unavyong'aa siku ile, nikamwachia.

Tulitoka Mpendae asubuhi, jua halijawa kali. Warda tulimwacha kwa dada yangu. Mimi ndiye niliyeshika usukani, kwa sababu Baba Warda alikesha akimalizia nguo nyeupe za safari ya mama yake na macho yalikuwa mazito. Kwenye mzunguko wa Michenzani ndipo nilipoanza kuisikia tofauti. Nilipata nafasi ya kuingia, nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likasitasita, kisha ndipo likaondoka. Nyuma yetu mtu akapiga honi.

"Mbona limekuwa zito?" nilimwuliza.

"Si zito, limekuwa imara. Lisikilize linavyoshika njia."

Nililisikiliza. Mipira ililia juu ya lami kama mashine ya kukoboa. Kila nilipolazimika kusimama na kuanza upya, na mjini kila saa unasimama na kuanza upya, ilikuwa kama nalisukuma gari kwa mabega yangu mwenyewe. Usukani nao ulitaka nguvu za mikono miwili. Ila nisilisingizie: tulipotoka mjini, njia ikanyooka, gari likishashika mwendo lilikwenda vizuri tu. Uzito ule ulidai haki yake pale unapoanza, unapopanda na unapotaka kusimama.

Baada ya Bububu njia inaacha pwani na kuanza kupanda. Si mlima wa kutajwa na mtu wa bara, lakini kijipu chetu kilizoea kuupanda kwa gia ya tatu, tukizungumza. Siku ile nilishuka mpaka ya pili, kisha ya kwanza. Baiskeli yenye matenga mawili ya mihogo ilitupita, na mwenyewe akatupungia mkono. Mshale wa joto ulikwenda juu nikauona, nikasimama kivulini mwa mikarafuu.

Baba Warda alifungua boneti, akangoja injini ipoe, kisha akachungulia rejeta.

"Maji yapo tele," alisema, kama aliyekuwa akitamani yasiwepo.

"Basi injini inabeba kitu ambacho haikuzoea."

"Tumo wawili tu, Mama Warda. Na kikapu cha maembe."

Tulikaa mpaka mshale ukashuka, tukaendelea polepole. Alikuwa ameacha kusinzia.

Mahonda tulifika watu wameshaingia mashambani. Njia pale imenyooka katikati ya miwa, nami nilikuwa nimepata mwendo, nikafurahi. Gari la ng'ombe lililojaa miwa likachomoza kutoka njia ya shamba na kukata mbele yetu. Nilikanyaga breki mapema, kwa umbali ambao siku zote ulinitosha na kubakia. Siku ile haukutosha. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kama hayakuambiwa, nikakanyaga kwa uzito wangu wote, Baba Warda akashika dashibodi, na tukasimama karibu kabisa na ng'ombe, kiasi cha kumwona inzi mgongoni mwake.

Mwenye gari la ng'ombe hakutaharuki. Alishuka, akaja mpaka dirishani.

"Bi, gari yako ina breki?"

"Inazo."

"Basi ziambie."

Akarudi kwa ng'ombe wake. Breki zile tulizibadilisha mwezi uliopita, na fundi alizipima mbele yangu. Nilijua si breki. Kitu kizito kinachozunguka hakitaki kuanza, na kikishaanza hakitaki kuacha. Ndilo somo ninaloliandika ubaoni kila mwaka, na sasa lilikuwa limenipeleka mpaka kwenye mkia wa ng'ombe. Nilimfikiria Bi Kazija akiwa amekaa kiti cha mbele wakati kama ule, na mgongo wake.

Kinyasini tuliiacha lami. Kuanzia hapo mpaka pwani ya mashariki, zama zile, ilikuwa barabara ya mawe ya matumbawe, yamechongoka, na baina yake mashimo. Baba Warda alikaa sawa kitini. Hapa ndipo magurudumu yake yalipotakiwa kutoa ushahidi.

Yalitoa. Kila shimo lilipiga kama nyundo. Gurudumu lilishuka kwa kishindo, likaruka, na kabla halijatulia likakutana na jingine. Maembe yalitoka kikapuni yakatembea sakafuni. Meno yangu yaligongana. Nilimtazama mume wangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatazama mbele, amekaza taya.

Hatukwenda mbali, jiwe likachana mpira wa nyuma, upande wa kushoto. Tukashuka. Yeye akapandisha jeki, mimi nikafungua nati. Gurudumu lilipotoka nilitaka kulisogeza pembeni, likanishinda. Tulilivuta sote wawili, tukalilaza nyuma ya viti kama tunavyolaza gunia la mchele. Kisha nikalitoa lile dogo la akiba mlangoni. Nililibeba mwenyewe, kwa mkono mmoja na goti, mpaka mahali pake.

Nilisimama pale njiani, mikono imejaa vumbi, nikayatazama yale matatu makubwa na lile moja dogo. Nilikuwa nimejibiwa, lakini nilitaka ushahidi zaidi, maana nilijua nani atakayebishana.

"Sasa endesha wewe," nilimwambia. "Mimi nitakaa nyuma, nilizuie hili lisibiringike."

Akaendesha taratibu, gari limeinama upande mmoja. Nilikaa kushoto, juu ya gurudumu dogo. Shimo likaja: nikalisikia, lakini springi zikalipokea. Nikahamia kulia, juu ya gurudumu kubwa. Shimo la ukubwa uleule likanipiga kiunoni. Nikarudi kushoto. Nikaenda tena kulia.

"Una nini huko nyuma?" aliuliza.

"Nasomesha," nilisema.

"Unamsomesha nani?"

"Nikimaliza nitakwambia."

Kiwengwa tuliingia kabla ya Adhuhuri. Bi Kazija alikuwa uani, amevaa kanga mpya, sanduku lake dogo limefungwa na liko mlangoni. Alisimama kutupokea, mkono mmoja umeshika kiuno, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama? Mbona gari imeinama kama mtu aliyebeba gunia bega moja?"

Tulicheka. Tulikula wali kwa mchuzi wa samaki changu, tukasali, kisha Baba Warda akasema twende kidogo tu, mpaka mwisho wa kijiji, mama aizoee gari. Alimsaidia kupanda, akamwekea mto nyuma ya mgongo, akaendesha kwa mwendo wa bata. Mimi nilikuwa nyuma nikimtazama Bi Kazija shingoni. Shimo la kwanza shingo ilikakamaa. La pili alishika mlango. La tatu halikuwa shimo hata, ni mzizi tu uliokata njia, naye akasema kwa sauti ndogo, "Simama, baba."

Alishuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, uso ameufunika kwa kanga. Alipofika alikaa barazani.

"Mie kwa gari hii siendi," alisema. "Nimengoja miaka yote hii, Mungu kanipa, na mgongo umenikatalia. Labda si fungu langu. Mwambieni kaka aende peke yake."

Baba Warda alitoka nje, akasimama kando ya gari, mkono juu ya mpira mkubwa. Mahujaji walitakiwa wakusanyike mjini kesho yake mchana, na ndege ni siku ya pili. Nilimfuata.

"Si mgongo wake uliokataa," nilimwambia. "Ni haya."

"Haya ndiyo ya barabara mbaya. Kila mtu anajua."

"Yanafaa barabara mbaya kwa gari iliyotengenezwa iyabebe. Hii yetu springi zake zimepimwa kwa gurudumu jepesi. Mwili wa gari umekaa juu ya springi, umelala kama juu ya godoro. Gurudumu liko chini yake, halina godoro. Likiwa zito, kila shimo linapiga kwa uzito wake lenyewe, springi haiwezi kulizuia. Nilikaa juu ya lile dogo, nikakaa juu ya kubwa, njia ileile. Hazifanani."

"Labda mashimo ya upande ule yalikuwa madogo."

"Basi linyanyue hili lililochanika. Peke yako."

Aliingia nyuma, akalikumbatia, akalitoa mpaka chini. Akapumua. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kushika lile dogo lililokuwa bado garini, akapima kwa macho upana wake, akakumbuka nilivyolibeba kule njiani. Alikaa juu ya jiwe.

"Nilitaka apande gari nzuri," alisema.

"Najua. Na yeye anajua."

"Na yale ya asili nimeshayatoa."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo letu, na lilikuwa kubwa. Kurudi mjini kumtafuta aliyeyachukua, na kama ameshayauza, kutafuta mengine, kisha kurejea, kungetumaliza muda. Tulikuwa bado tumekaa, tukasikia injini inalia ufukweni, inapanda na kushuka, kama gari iliyokwama.

Pwani maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa, na wakinamama walikuwa wanarudi na magunia ya mwani. Kijipu kama chetu, aina ileile, rangi tu tofauti, kilikuwa kimezama mchangani mpaka tumboni. Mwenyewe ni Makame, jirani wa Bi Kazija, mtu mzima mwenye kofia ya ukindu, aliyekuwa akiwabebea wakinamama mwani wao kuwafikisha ghalani. Tulisukuma pamoja na wengine, hakikutoka.

"Kila maji yakitoka hali ndiyo hii," Makame alisema, akijipangusa jasho. "Hivi vigurudumu vyembamba vinachimba mchanga kama kaa. Nilivitoa kwenye gari ya watalii iliyopata ajali. Vizuri kwa kutazama, lakini kwa kazi yangu havifai."

Nilipiga magoti. Nilikwaruza matope yaliyoganda kwenye rimu, na chini yake ikang'aa aluminiamu, nyepesi kuliko chuma. Nilimwita Baba Warda. Alikuja, akainama, akatazama, akageuka kunitazama mimi.

"Makame," alisema, "ukipata mipira mipana, yenye meno, ya kukaa juu ya mchanga, utaitaka?"

"Nani asiyeitaka?"

"Mie ninayo minne. Mmoja una tundu. Nipe hiyo yako."

Makame aliacha kujipangusa. "Unanitania, Suleiman."

"Sikutanii. Mama anataka kwenda Hija, na gari yangu inampiga."

"Bi Kazija?" Makame alivua kofia yake, akaivaa tena. "Basi tumesimama tunangoja nini?"

Alasiri yote tulibeba magurudumu, tukafungua na kufunga nati, ubao chini ya jeki. Makame aliziba lile tundu mwenyewe, kazi ya mtu aliyezoea. Kwa kuwa magari yalikuwa aina moja, kila gurudumu lilikaa mahali pake bila ubishi. Tulipomfungia makubwa yake, akayapunguza upepo ili yalale vizuri juu ya mchanga, akawasha, akakanyaga mafuta kwa upole. Kijipu kilijikusanya, kikapanda juu ya mchanga na kuondoka, na magunia yote yamo ndani. Wakinamama wakapiga vigelegele. Magurudumu yaliyokuwa adui wa nyumba yetu yalikuwa yamepata kazi yao ya haki. Makame alizunguka ufukweni mara kadhaa bila sababu yoyote.

Sisi tulirudi kwa Bi Kazija. Gari lilikuwa limesimama sawa, na ukilitazama lilikuwa limepungua ukubwa.

"Nshajaribu, wanangu," alisema kabla hatujafungua mdomo. "Sitaki maumivu yaleyale mara mbili."

Nilikaa chini, karibu na miguu yake.

"Mama, ukitoka baharini na mwani, kinachokuchosha zaidi ni nini? Gunia la kichwani, au viatu vikijaa tope?"

Hakufikiri. "Viatu. Gunia unalizoea, linakaa. Lakini mguu mzito kila hatua unaunyanyua upya na kila hatua unaupiga chini. Ukifika nyumbani kiuno si chako."

"Gari yetu ilikuwa imevaa viatu vya tope. Tumeivua."

Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Na weye, baba, unasemaje?"

"Mimi nilikosea, mama. Mke mwenzio huyu," alisema akinitaja kwa utani wa kwetu, "kanifundisha kwa kuninyanyuzisha chuma."

Bi Kazija alicheka, na mimi nikajua atapanda. Alipanda. Tulipita mzizi uliomshinda mchana. Tulipita shimo la kwanza, la pili. Alikuwa ameshika mlango kwa nguvu, macho mbele. Tulipofika mwisho wa kijiji Baba Warda akapunguza mwendo ili ageuze.

"Mbona unasimama?" aliuliza Bi Kazija.

"Nataka kugeuza, mama."

"Endelea kidogo. Nataka kuona pale penye mawe makubwa."

Tukaendelea mpaka penye mawe makubwa. Gari lilipanda na kushuka, likayumba, lakini halikupiga. Bi Kazija aliuachia mlango. Mkono wake ulibaki hewani kwa muda, kisha ukalala pajani.

"Haya, sasa geuza," alisema. "Nnakwenda kuwaaga majirani."

Asubuhi ya pili tuliondoka Kiwengwa, nusu ya mtaa wamesimama njiani. Mimi nilishika usukani, Bi Kazija mbele, ule mto nyuma ya mgongo wake, na Baba Warda nyuma pamoja na sanduku. Makame alitusindikiza kwa gari lake mpaka mwisho wa mchanga, akipiga honi.

Barabara ilikuwa ileile ya jana. Hakuna jiwe lililoondolewa. Lakini gurudumu lilishuka shimoni kwa wepesi na kutoka kwa wepesi, na kabla ya shimo la pili lilikuwa limeshatulia. Kulikuwa na mitikisiko, siwezi kusema uongo, na mahali pawili Bi Kazija alifumba macho. Baada ya hapo akaanza kuzungumza. Alituonesha shamba la babu yake, akatuambia nani alimwoa nani na kwa nini waliachana. Alikuwa katikati ya habari ya mtu aliyeposa mara tatu nyumba moja, tukaingia lami ya Kinyasini, na mlio wa njia ukabadilika.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Mawe yamekwisha, mama. Tumefika Kinyasini."

"Yamekwisha yote?"

"Yote."

Hakuimaliza ile habari. Alivuta ushungi wake mbele, akageukia dirishani, na Baba Warda akamshika bega kutoka nyuma.

Mahonda ndama alikatiza, mama yake nyuma yake. Nilikanyaga breki na gari likasimama pale nilipolitaka, tena bila ya kumrusha mtu mbele. Tuliwangoja wapite kwa raha zao. Baba Warda aliinama kati ya viti akatazama umbali uliobaki, akajirudisha nyuma, nami nilimwona kwenye kioo akitabasamu.

Kuelekea Bububu njia ya kurudi inateremka zaidi kuliko kupanda, lakini kuna miinuko midogo ya katikati, na gari liliikwea kwa gia ya tatu, injini ikiimba, mshale wa joto umelala mahali pake. Nilipokanyaga, liliitika. Usukani ulikuwa mwepesi hata nikauendesha kwa vidole. Mafuta tuliyojaza kwa kuogopa kuishiwa njiani tuliyakuta bado mengi. Kisha bahari ikatokea upande wa kulia, na Bi Kazija akaomba tusimame.

Alishuka mwenyewe. Alisimama ukingoni mwa njia akaitazama pwani ya magharibi, ambayo hakuwa ameiona kwa miaka. "Bahari hii maji yake hayatoki mbali kama yetu," alisema kwa sauti ya mtu anayelinganisha mali. Akapanda tena bila ya kusaidiwa.

Michenzani aliyatazama majumba marefu, akayahesabu madirisha yenye nguo zilizoanikwa. Tulizunguka mzunguko ule mara mbili kwa sababu alitaka kuona upande wa pili, na kila nilipopata nafasi gari lilijichomoa na kuingia kabla sijamaliza kutia nia.

Mpendae tuliwasili adhana ya Adhuhuri bado. Kaka yake alikuwa mlangoni, na nyuma yake wajukuu, wengine hawajapata kumwona. Warda, aliyeletwa na dada yangu, alikuwa wa kwanza kufika garini. Bi Kazija alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, wa pili, akasimama. Hakuna mkono uliokuwa kiunoni. Sidhani kama yeye mwenyewe alilijua hilo. Mimi na Baba Warda tuliliona kwa pamoja, naye akageuka upande kujifuta uso kwa kitambaa alichokuwa akifutia gari.

Nimejifunza nini katika safari hii fupi, ya kisiwa ambacho mtu anakivuka kabla chai haijamshuka? Kwanza, kwamba somo nililolisomesha miaka mingi nilikuwa nalijua kwa chaki tu. Uzito uliomo ndani ya gari na uzito ulio kwenye magurudumu si uzito mmoja. Wa ndani unabebwa. Wa magurudumu unasukumwa mbele, unazungushwa, unasimamishwa, na unapigwa chini kwenye kila jiwe, na injini, breki, springi na mgongo wa abiria ndivyo vinavyoulipia. Pili, kwamba hakuna gurudumu baya. Kuna lililo mahali lisipotakiwa. Yale yaliyomliza Bi Kazija yanawabebea wenzake mwani mpaka leo ninapoandika. Na la tatu nimelipata kwa mume wangu, ambaye alimpenda mama yake kwa kumwongezea, na alipoona kinachotakiwa ni kumpunguzia, akapunguza siku ileile, mbele za watu, bila kununa.

Siku ya ndege tulimfikisha uwanjani kwa gari letu. Mahujaji walitembea juu ya lami wakiwa wamevaa nyeupe, nasi tuko nyuma ya uzio. Nguo yake ilikuwa ile aliyoshonewa na mwanawe. Kwenye ngazi ya ndege kijana wa uwanjani alimnyoshea mkono amsaidie. Tulimwona akitikisa kichwa, akimwambia neno. Kisha akapanda, ngazi kwa ngazi, mgongo umenyooka, mpaka mlangoni, akainama kidogo asigonge kichwa, akaingia.